Mpunga nimelima mimi, msaada wa mafuriko amepewa mwenye shamba

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salaam nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Mume wangu alifariki dunia miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo ninaishi kwa kulima mpunga katika majaruba ninayokodi kila msimu. Msimu huu nilikodi ekari mbili kutoka kwa shemeji yangu, kaka wa marehemu. Kodi nilimlipa taslimu mwezi Novemba, mbele ya mke wake na mwanangu mkubwa, ila hatukuandikishana kwa kuwa ni ndugu.

Nilikopa fedha katika kikundi chetu cha akina mama, nikalipia pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono, nikanunua mbegu ya SARO na mbolea ya ruzuku, nikaweka vibarua wa kupandikiza na wa palizi. Mwezi Machi mto ulifurika usiku. Maji yalikaa majarubani kwa siku nyingi, na yalipopungua, mpunga uliokuwa umebeba mimba ulikuwa umelala chini ya tope na mchanga, na kwingine hata kingo za majaruba hazikuonekana tena.

Viongozi walikuja kufanya tathmini. Siku waliyopita upande wetu nilikuwa nimempeleka mtoto zahanati, na shemeji ndiye aliyewaonyesha mashamba. Mwezi Mei tulitangaziwa kwamba kila kaya iliyopoteza mazao ingepata mbegu, mahindi na fedha kidogo ya kujikimu kwa njia ya simu. Majina yalipobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, langu halikuwemo. Lilikuwemo la shemeji, naye ameandikiwa ekari tano, yaani tatu zake na mbili nilizolima mimi.

Nilipomwuliza, alisema Serikali inamtambua mwenye shamba na kwamba mimi ni mtu wa kukodi tu. Akanipa debe moja la mahindi na kuniambia nishukuru. Mjumbe mmoja wa kamati naye ameniambia kwamba jina langu linaweza kuingizwa kwenye orodha ya nyongeza nikitoa shilingi 30,000 za fomu. Mama mkwe ananisihi nisiende popote, kwa kuwa kumshitaki shemeji ni kuuaibisha ukoo, na anasema msimu ujao nitanyimwa shamba. Deni la kikundi linatakiwa kulipwa mwezi Agosti.

Je, ni kweli kwamba aliyekodi hana haki ya kupata fidia ya Serikali? Nimlipe huyo mjumbe? Na kwa shemeji nifanyeje bila kuvunja undugu? Laini yangu ya simu, niliyoizoea na ambayo wateja wangu wote wanaijua, ilisajiliwa kwa kitambulisho cha marehemu mume wangu, na sijui kama hilo lina neno.

Mama wa Watatu, Usangu

JIBU

Mama wa Watatu, pole sana kwa hasara hiyo, na pole kwa kuibeba peke yako. Barua yako nimeisoma kwa makini, na naona kwamba una sababu nzuri ya kulalamika. Hata hivyo, ukienda ofisini ukakiita unachodai kwa jina lisilo lake, utarudishwa mlangoni hata kabla hujasikilizwa, kwa hiyo tuanze hapo.

Ulichonyimwa si fidia. Fidia ni malipo anayodai mtu ambaye mali yake imetwaliwa au kuharibiwa na mwingine, kama vile Serikali inapochukua ardhi ya mwanakijiji ili kupitisha barabara. Mafuriko, mvua ya mawe na tetemeko ni maafa, na inachotoa Serikali baada ya maafa ni msaada wa kumwezesha mtu kula na kuanza upya. Msaada huo hutegemea uwezo uliopo na uamuzi wa wakati ule. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, Serikali ilisema wazi kwamba haitawajengea wananchi nyumba zao binafsi, ilhali maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh mwezi Desemba 2023, waliopoteza makazi walijengewa nyumba. Kwa hiyo hakuna ofisi utakayoingia na kusema kwamba unadai thamani ya magunia yaliyosombwa na maji, nawe ukashinda. Naliandika hili mapema kwa sababu nimewaona wakulima wengi wakipoteza miezi kwa kudai wasichoweza kupewa, huku wakiacha kile ambacho kweli ni chao.

Kilicho chako ni kuandikwa kwa haki. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya mwaka 2022, imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji, kata, wilaya na mkoa hadi taifa, na kazi ya kamati hizo haiwezi kufanyika bila kujua ni nani aliyeumia na kwa kiasi gani. Serikali ikishaamua kutoa msaada na kutangaza kwamba ni wa kaya zilizopoteza mazao, swali la pekee la mwandishi wa orodha ni hili: mazao yaliyokuwa katika ekari hizi yalikuwa ya nani? Hati ya shamba haijibu swali hilo. Shemeji yako katika ekari zile mbili hakupoteza hata punje moja ya mpunga, kwa kuwa mavuno yake pale yalikuwa kodi, na kodi aliipokea mwezi Novemba. Kwa haki yake niseme pia kwamba amepata hasara ya aina nyingine, maana mchanga uliojaa majarubani na kingo zilizobomoka ni mzigo wa mwenye ardhi, na kama siku moja utatolewa msaada wa kukarabati mashamba, yeye ndiye atakayestahili kuandikwa. Lakini mbegu, chakula na fedha ya kujikimu vilitangazwa kwa ajili ya aliyepoteza mazao. Kwa ekari hizo, ni wewe.

Sasa lazima uthibitishe kwamba ulilima, na hapa usikate tamaa kwa sababu hamkuandikishana. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria mradi yawe na ushahidi, na mkulima wa mpunga huacha alama nyingi kuliko anavyodhani. Umesema ulinunua mbolea ya ruzuku. Tangu utaratibu huo ulipoanza katika msimu wa 2022/2023, mkulima husajiliwa kupitia kijiji chake pamoja na ukubwa wa eneo analolima, kisha hupata namba ya kununulia mbolea. Kama ulisajiliwa kwa jina lako, ofisi ileile iliyokuacha kwenye orodha ya mafuriko ilikwisha kukuandika kama mkulima kabla maji hayajaja. Usifute ujumbe wa namba hiyo kwenye simu, na stakabadhi ya wakala wa mbolea ihifadhi mahali pakavu. Kama majaruba yapo ndani ya skimu ya umwagiliaji, chama cha wamwagiliaji kina daftari la waliolipa ada ya maji, nalo huonyesha jina la aliyelipa na eneo lake. Mwenye pawatila anakumbuka alilima wapi na nani alimlipa. Vibarua waliopandikiza wapo. Muhimu kuliko wote ni majirani wa majaruba yanayopakana na yako, kwa sababu hao walikuwa wakikuona ukifungua na kufunga maji alfajiri, na mmoja wao akisimama mbele ya mkutano na kusema hivyo, hata mtu mwenye hati hawezi kumpinga kirahisi. Waombe wawili waandike majina yao na sahihi zao chini ya maelezo mafupi. Mke wa shemeji aliona kodi ikilipwa, lakini usimweke katika mtihani wa kuchagua kati yako na mumewe. Mwanao mkubwa na majirani wanatosha.

Ukishakusanya hayo, andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mtendaji wa Kijiji, na nakala kwa Afisa Kilimo wa Kata. Usiandike kwamba umedhulumiwa wala usimtaje shemeji yako kwa ubaya. Andika kwamba katika msimu uliotajwa ulilima ekari mbili za mpunga mahali fulani, ukataje majina ya wanaopakana nawe pande zote, kwamba mazao yote yaliharibiwa na mafuriko ya mwezi Machi, kwamba siku ya tathmini hukuwepo kwa kuwa ulikuwa zahanati na mtoto, na kwamba unaomba taarifa ya tathmini isahihishwe ili ekari hizo zisomeke kwa jina la aliyezilima. Andika nakala mbili, na ile utakayobaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mtu akikuambia kwamba mhuri si lazima, mwombe kwa upole auweke hivyo hivyo. Barua isiyo na mhuri ni rahisi kusahaulika, na baada ya mwezi hutaweza kuthibitisha kwamba uliwahi kuipeleka.

Kisha nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na hupaswa kufanyika angalau mara moja katika kila miezi mitatu. Omba orodha ya waliopata msaada isomwe mbele ya watu pamoja na ekari zao. Hakuna jipya katika ombi hilo, kwani hata majina ya kaya za mpango wa TASAF, ule wa kusaidia kaya maskini, hupitishwa katika mkutano wa wanakijiji ili jirani aseme kama fulani anastahili au la. Orodha inayosomwa kwa sauti hujisahihisha kwa namna ambayo karatasi iliyobandikwa ubaoni haiwezi, na sidhani kwamba ni wewe peke yako uliyelima shamba la kukodi na kuachwa. Tafuteni na wenzako. Katika Usangu wanaolima kwa kukodi ni wengi mno kwa jambo hili kuwa la mwanamke mmoja. Kama kijiji hakitakujibu, nenda kwa Mtendaji wa Kata, na baada yake ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kila mara ukibeba nakala yako yenye mhuri.

Nikueleze pia ukweli usiopendeza. Inawezekana kabisa kwamba mbegu na mahindi vimekwisha kugawiwa, na hakuna nyongeza itakayokuja. Hata hivyo usiache kusahihisha rekodi, kwa sababu msaada wowote utakaofuata utaanzia kwenye orodha ileile, na kwa sababu barua hiyo utaihitaji mahali pengine, kama nitakavyokuonyesha mbele kidogo.

Kuhusu mjumbe anayetaka shilingi 30,000, jibu langu ni fupi: usimpe hata senti. Fomu ya kuandikisha waathirika wa maafa haiuzwi. Malipo halali ya Serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo watu huiita kontro namba, na risiti yake hutoka papo hapo. Mwambie kwa heshima kwamba uko tayari kulipa akikupatia namba hiyo. Atanyamaza. Kama ataendelea kukusumbua, piga simu TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haikutozi chochote, au nenda ofisi yao ya wilaya, ukieleza ni lini alikuambia, wapi, na nani mwingine alisikia. Ukitoa fedha hizo, hata kama jina lako litaingia, utakuwa umenunua kwa rushwa kitu ambacho kilikuwa chako bure, na siku orodha ikikaguliwa jina lako litakuwa miongoni mwa yale ya kutiliwa shaka. Wajane ndio wanaofuatwa zaidi na watu wa namna hii, kwa sababu wanajulikana kuwa na haraka na kukosa msemaji, na jambo hilo linaniumiza kila ninapolisoma.

Tuje kwa shemeji yako. Kabla hujamwona kuwa mwizi, chunguza jina lake liliingiaje. Mara nyingi wanaofanya tathmini hupita haraka, huuliza kwamba shamba hili ni la nani, na mtu akijibu kwamba ni lake, hajasema uongo. Kosa linaweza kuwa lilianzia kwenye swali. Lakini tangu ulipomfuata na kumweleza, anajua, na debe moja la mahindi haliwezi kufuta kujua huko. Kwa hiyo nakushauri uongee naye kwanza, kabla ya kupeleka barua, ili asisikie habari hizo kwa watu wa pembeni. Nenda na mzee mmoja wa ukoo ambaye yeye mwenyewe anamheshimu, na mweleze mambo mawili tu. La kwanza, kwamba unapeleka barua ya kusahihisha ekari mbili, kwamba ekari zake tatu hazitaguswa, na kwamba ni afadhali asahihishe yeye mwenyewe kuliko kusubiri asahihishwe mkutanoni. La pili, kwamba kama msaada ameshautumia, kuna njia ya kumalizana bila kutoa fedha mfukoni: akuachie ekari zile mbili msimu ujao bila kodi, nawe umsaidie nguvu kazi ya kuzoa mchanga na kuinua kingo. Mapatano ya namna hiyo yanampa kila mmoja kitu. Yeye anapata shamba lililotengenezwa, nawe unapata mahali pa kulima, jambo ambalo nadhani linakupa wasiwasi kuliko mahindi yenyewe.

Akikubali, muandikishane siku hiyo hiyo mbele ya mzee huyo na mwenyekiti wa kitongoji. Akikataa, peleka barua yako. Usianze na polisi wala mahakama. Mahakama ya Mwanzo ipo kwa madai ya namna hii, na katika wilaya nyingi wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo, lakini gharama za kwenda na kurudi na muda utakaopotea ni vikubwa kwa mama anayelea watoto peke yake, kwa hiyo hatua hiyo iache ibaki ya mwisho.

Mama mkwe wako msikilize kwa adabu, kwa kuwa hofu yake ni ya mzazi anayetaka wanawe wasifarakane. Mwambie kwamba humshitaki mtu. Mwonyeshe barua, asomewe, aone kwamba jina la mwanawe halikutukanwa. Nadhani anaogopa zaidi kelele za barabarani kuliko karatasi iliyoandikwa kwa heshima, na wajukuu wanaolala njaa ni wa ukoo huo huo. Kama kuna shamba la marehemu ambalo halijagawiwa, hilo ni suala la mirathi na lina taratibu zake. Usilichanganye na hili la mafuriko, maana ukiyachanganya, yote mawili yatakwama.

Laini ya simu ina neno kubwa. Fedha inayotumwa kwa simu hulinganishwa na jina la aliyesajili laini, na kwako jina litakalotokea ni la marehemu, ambalo halitalingana na la orodha. Piga *106# uone laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani, kisha nenda na namba yako ya NIDA kwa wakala au duka la kampuni ya simu, ukasajili laini kwa jina lako na kwa alama zako za vidole. Ukitaka kubaki na namba wateja wanayoijua, chukua cheti cha kifo na uulize utaratibu wa kuihamisha. Fanya hivyo kabla ya kuandika namba yoyote katika barua yako. Na katika kipindi hiki cha misaada, mtu akikupigia akisema fedha yako iko tayari ila umtajie namba ya siri, kata simu na utume namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Limebaki deni, na ile barua yenye mhuri utaihitaji hapa. Usisubiri Agosti. Nenda kwa mwenyekiti na mweka hazina wa kikundi sasa, kabla hujachelewa hata siku moja, ukiwa na nakala hiyo, na uombe kikao kikubali ulipe kidogo kidogo hadi mavuno yajayo. Kikundi humwelewa mwanachama anayekuja mapema na karatasi mkononi, lakini humchukulia vingine yule anayetafutwa nyumbani. Pendekeza kiasi ambacho kweli unakiweza hata kwa kuuza mboga au kufanya vibarua, kwa sababu ahadi ya pili ikivunjika itakuwa vigumu kupata ya tatu.

Kwa msimu ujao, popote utakapokodi, andikeni: majina, ukubwa wa eneo, kiasi cha kodi, na sentensi moja inayosema kwamba yakitokea maafa, msaada wa mazao ni wa anayelima na msaada wa ardhi ni wa mwenye ardhi. Uliza pia katika chama cha ushirika cha eneo lako kuhusu bima ya mazao. Kampuni za bima ziliungana mwaka 2023 kuunda umoja wa bima ya kilimo, na tofauti yake na msaada ni kwamba bima ukishailipia, unadai kwa mkataba. Soma kwanza inalipa kwa majanga yapi, na kama mafuriko yamo.

Wiki hii fanya mambo mawili kwanza: wapate majirani wale wawili waweke sahihi, na uende kusajili laini.